SOMO LA KIKUNDI: KUBANDIKA KARATASI ZA MAUA UKUTANI



Kubandika karatasi ukutani si jambo geni kwetu. Nyumba nyingi za mbao na za udongo zimebandikwa magazeti na kalenda za zamani, ili kuzuia baridi na vumbi na kupendeza macho. Siku hizi karatasi za maua na nakshi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zinauzwa mijini, na wanavikundi wengi wanazitamani. Hakuna ubaya. Nyumba nadhifu humpa mwenyewe heshima.

Lakini kuna tofauti. Gazeti likienda upande hakuna anayejali. Ua likienda upande, kila mgeni ataliona kabla hajaketi. Tena gazeti ni la bure, lakini karatasi ya maua inanunuliwa kwa pesa, pengine pesa za mkopo wa kikundi. Ikibanduka mvua za masika zikianza, karatasi imekwenda na deni limebaki.

Kwa hivyo somo hili lina mambo mawili makubwa: kuponya ukuta kabla ya kuufunika, na kupima kabla ya kununua. Kubandika kwenyewe kunafuata.

1. KARATASI HAITIBU UKUTA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hapa ni kweli tupu. Watu wengi hununua karatasi kwa sababu ukuta una alama mbaya ya maji. Karatasi itaificha alama kwa wiki chache tu. Maji yako ndani bado. Gundi italegea, kuvu jeusi litaota nyuma ya maua, na watoto wanaolala chumba hicho watakohoa.

Hebu tupime unyevu kwa njia rahisi. Chukua kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30. Kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, hewa isipite. Kiache siku mbili. Ukiona matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Usibandike. Tafuta chanzo: labda paa linavuja, labda maji ya mvua yanasimama karibu na msingi, labda udongo wa nje umepanda juu ya msingi. Chimba mtaro, weka mfereji wa paa, kisha ngojea ukuta ukauke. Pengine pesa za karatasi zitatumika kwa mfereji. Hiyo si hasara.

Plasta mpya ya saruji nayo ingojewe angalau mwezi mmoja, na zaidi wakati wa mvua.

Sasa tuangalie aina za kuta.

Ukuta wa plasta ndio unaofaa zaidi. Kwangua rangi au chokaa yote inayotoka, ziba nyufa, piga msasa, futa vumbi. Ukipitisha kiganja na kikatoka cheupe, bado hujamaliza. Gundi itashika vumbi, na vumbi halishiki ukuta. Baadaye paka gundi nyepesi iliyozimuliwa kwa maji na uiache ikauke, ili ukuta usinywe gundi yote siku ya kazi.

Ukuta wa mbao huwa na nafasi kati ya mbao, na mbao huvimba na kunywea. Karatasi ikibandikwa juu yake moja kwa moja itapasuka kwenye maungio. Pigilia kwanza mbao bapa za dari.

Ukuta wa mabati hutoa jasho usiku wa baridi. Usibandike juu yake kabisa.

Ukuta wa udongo hutoa vumbi kila mara, na karatasi nzito haikai. Ushauri wetu kwa nyumba hizi uko sehemu ya sita. Msikate tamaa.

2. TUPIME, TUHESABU, NDIPO TUNUNUE

Karatasi huuzwa kwa majora, yaani imeviringwa kama kitambaa. Jora la kawaida la kutoka Ulaya lina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05. Zile zinazojibandika zenyewe kama stika mara nyingi huwa na upana wa sentimita 45. Soma kibandiko cha jora lenyewe, usikisie.

Maua huchapwa na rola inayozunguka. Kila baada ya mzunguko, ua lile lile linarudi. Kibandiko huonyesha linarudi baada ya sentimita ngapi, kwa mfano 53 au 64. Namba hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu kila kipande lazima kianze mahali pale pale pa ua ili kikutane na jirani yake.

Tuchukue mfano. Ukuta una upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.4.

Vipande vingapi? Sentimita 400 gawanya kwa 53 ni saba na nusu hivi. Tunahitaji vipande 8.

Kila kipande kina urefu gani? Kimo ni sentimita 240. Ongeza 10 za kukata juu na chini, tunapata 250.

Kama karatasi haina maua ya kulinganisha, jora moja linatoa vipande 4. Majora 2 yanatosha.

Lakini kama ua linarudi kila sentimita 64, urefu wa kipande lazima uwe hesabu kamili ya 64. Mara tatu ni 192, haitoshi. Mara nne ni 256. Jora sasa linatoa vipande 3 tu, na kinachobaki ni kifupi kuliko ukuta. Kwa vipande 8 tunahitaji majora 3, na tutabaki na kipande kimoja cha akiba.

Mmeona? Ukuta ni ule ule, lakini maua yameongeza jora zima. Mtu aliyenunua majora mawili atakwama kipande cha saba. Atarudi dukani na pengine asipate rangi ile ile. Kwa hivyo nunua yote siku moja, na hakikisha namba ya toleo kwenye vibandiko vyote ni moja. Toleo likiwa tofauti, kijani cha huku hakitafanana na kijani cha kule.

Jambo jingine ni alama za mishale. Mishale miwili inayotazamana sawa sawa maana yake maua yanakutana kwa usawa. Mshale mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, maua hushuka nusu kila kipande, na namba huandikwa kama 64/32. Mshale na sifuri maana yake hakuna kulinganisha. Anayeanza achague sifuri, au maua madogo yanayokutana kwa usawa. Ya kushuka nusu yangojee ujuzi.

3. VIFAA

Tayarisheni tepu ya kupimia, penseli, rula ndefu, makasi makali, wembe mpya, brashi pana ya gundi, brashi kavu ya kulainisha, kitambaa safi chenye maji, ndoo, meza ndefu na timazi. Timazi si lazima kununuliwa: uzi wenye nati nzito mwishoni unatosha. Ngazi iwe imara, na mtu aishikilie.

Gundi ya dukani inafaa zaidi kwa karatasi nzito. Kwa karatasi nyepesi mnaweza kupika wenyewe. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano katika kikombe 1 cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Mimina polepole ndani ya vikombe 3 vya maji yanayochemka, huku mkikoroga. Ikiwa nzito kama uji, epueni na iache ipoe kabisa. Lakini mjue panya na mende hupenda unga. Kama nyumba ina panya, msiwaandalie chakula ukutani.

4. SIKU YA KAZI

Anzeni na ukuta mmoja tu, usio na dirisha wala mlango. Fanyeni watu watatu: mmoja apake gundi, mmoja abandike, wa tatu asimame mbali na kutazama kama maua yanakwenda sawa. Aliye juu ya ngazi haoni upotovu kama aliye chini.

Kwanza, mstari. Pembe za nyumba zetu mara nyingi si wima, hata kama fundi aliapa. Usifuate pembe. Pima sentimita 51 kutoka pembeni, ning'iniza timazi, ngojea litulie, kisha chora mstari kutoka juu hadi chini. Ukingo wa kipande cha kwanza ufuate mstari huu. Sentimita 2 zinazozidi zitaingia pembeni na kukatwa. Kipande cha kwanza kikiwa wima, vingine vitafuata. Kikiwa kimeinama kidogo, cha nane kitakuwa kimelewa.

Pili, kukata. Amueni ua lianzie wapi juu. Ua zima likionekana chini ya dari hupendeza kuliko lililokatwa kichwa. Kateni vipande vitatu vya kwanza, vilazeni sakafuni kwenye kitu safi, mvilinganishe kabla ya kupaka gundi. Andikeni namba nyuma na mshale unaoonyesha juu. Ua likibandikwa kichwa chini ni vigumu kulisamehe.

Tatu, gundi. Someni kibandiko. Kuna karatasi inayotaka gundi ipakwe ukutani, na hiyo ni rahisi kwa wanaoanza. Nyingine hupakwa gundi mgongoni, inakunjwa gundi kwa gundi, na inangojewa inywe kwa dakika zilizoandikwa. Dakika hizo zifuatwe sawa kwa kila kipande. Karatasi yenye maji hutanuka. Kipande kilichongojea dakika tano na kilichongojea kumi na tano havina urefu mmoja tena, na maua yatakataa kukutana.

Nne, kubandika. Anza juu, acha sentimita 5 za kukata. Shuka ukilainisha kwa brashi kavu kutoka katikati kwenda kando, ili hewa itoke. Kipande cha pili kisogezwe kwa kiganja mpaka kiguse cha kwanza bila kupandana. Linganisha maua kwanza usawa wa macho, kisha juu na chini. Kama kuna tofauti ndogo, afadhali iwe karibu na sakafu, nyuma ya viti. Usivute karatasi kwa nguvu. Inua, rudisha, jaribu tena.

Tano, kumaliza. Kata juu na chini kwa wembe mkali ukitumia rula, na ubadilishe wembe mara kwa mara, kwa maana wembe butu huchana. Futa gundi iliyotoka kabla haijakauka. Mapovu madogo huisha yenyewe karatasi ikikauka. Lililobaki litobolewe kwa sindano na kukandamizwa.

Msiwashe jiko la makaa chumbani ili karatasi ikauke haraka. Karatasi itanywea na maungio yatafunguka. Zaidi ya hayo, moshi wa makaa usioonekana huua watu.

5. USALAMA

Kama ukuta una swichi au soketi, zimeni umeme kwenye swichi kuu kabla ya kupaka gundi. Gundi ni maji.

Karatasi hushika moto. Isibandikwe karibu na jiko, wala mahali panapowekwa koroboi au mshumaa. Jikoni kwenye moto wa kuni isibandikwe kabisa. Maua si kitu mbele ya maisha ya watoto.

6. KWA WENYE NYUMBA ZA UDONGO

Maua mnaweza kuyapata bila karatasi. Lainisheni ukuta kwa udongo mzuri, uache ukauke kabisa, kisha mpake chokaa. Chora ua kwenye kadibodi ngumu, ulikate kwa wembe libaki tundu lenye umbo la ua. Ukiisha kuchora mistari kwa timazi na rula, shikilia kadibodi ukutani na gonga rangi kwa sponji iliyokamuliwa. Sogeza kwa kipimo kile kile, gonga tena. Hesabu ni ile ile ya karatasi, lakini mkikosea mnapaka chokaa na kuanza upya.

7. YA KUJADILI KIKUNDINI

Mwenyekiti asome hali hii kwa sauti: Mwanachama mmoja atapokea wageni wa mahari mwezi ujao. Ukuta wa sebule una alama ya maji kwa chini. Anaomba mkopo anunue karatasi za maua ili aibu isionekane. Mumewe anasema afadhali mfereji wa paa. Mama mkwe anasema wageni hawaangalii mfereji.

Jadilini:

(a) Kila mmoja wa hawa watatu ana hoja gani ya kweli?
(b) Kikundi kitoe mkopo huo? Kwa masharti gani?
(c) Kuna njia gani ya kuwapokea wageni kwa heshima bila karatasi, huku ukuta ukiponywa?
(d) Katika kijiji chetu, ni mambo gani mengine tunayoyafunika badala ya kuyatengeneza?

Kazi ya vitendo: kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama afanye jaribio la nailoni nyumbani kwake, apime ukuta mmoja, na alete hesabu ya vipande na majora kwa ua linalorudi kila sentimita 53. Linganisheni majibu. Kikundi kitakachokubaliana kubandika kianze na ukuta mmoja wa chumba cha mikutano. Hapo wote watajifunza kwa gharama ya jora chache, na atakayeonyesha mkono mzuri anaweza kuifanya kazi hii iwe riziki yake.