Y Iliyojificha: Kuchora Grafu kwa Kompyuta

Huenda mkauliza hesabu inatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili. Jamani, hesabu nayo ina lugha yake, na sioni kwa nini tusiizungumze kwa Kiswahili.

Sote tumezoea kuchora y = 2x + 1. Unachagua x, unapata y, unatia nukta. Sasa tazama x² + y² = 25. Hapa y imejificha ndani ya mlinganyo. Ukiilazimisha ibaki peke yake, utapata majibu mawili, moja chanya na jingine hasi. Ukisahau lile hasi, duara lako litabaki nusu.

Kuna mgumu zaidi: x³ + y³ = 6xy. Ni wa jamii ya ule alioushughulikia Mfaransa René Descartes mwaka 1638. Kuitoa y humo ni kazi ya kutoa jasho. Lakini katika GeoGebra, programu aliyoianzisha Markus Hohenwarter huko Austria mwaka 2001, unauandika mlinganyo vivyo hivyo, unabonyeza Enter, na mstari wenye kitanzi kama jani unatokea.

Je, kompyuta hujuaje pa kupitisha mstari? Fikiria ramani ya vilima vyetu vya Manga, ile yenye kontua. Mwenzako akiwa juu ya kontua nawe uko chini yake, lazima kontua ipite kati yenu. Basi njia moja ya programu hizi ni kuigawa skrini vijisanduku, kisha kuhesabu x³ + y³ − 6xy katika kila pembe. Jaribu mwenyewe: (2, 2) inatoa −8, na (4, 4) inatoa 32. Moja hasi, moja chanya. Kwa hivyo grafu imepita katikati. Naam, (3, 3) inatoa sufuri kamili!

Hata hivyo, skrini nayo hudanganya. Chukua (x − y)² = 0. Kumbe huu ni mstari mnyoofu tu, y = x. Lakini namba ikizidishwa kwa yenyewe haiwi hasi kamwe, hivyo programu inayotafuta hasi na chanya pekee itakuachia skrini tupu, nawe udhani hakuna grafu. Weka x = 1 na y = 1: sufuri. Mstari upo!

Ushauri wangu ni huu: kompyuta ichore, kichwa kihakiki. Jaribu nukta mbili tatu kwa kalamu kabla hujaikubali picha. Hata umeme ukipotea, karatasi ya grafu na alama za hasi na chanya zitakuonyesha njia.