SOMO: MWANAFUNZI ANAJIHESABU KUWA NANI?



Tuseme kijana alikuwa wa kwanza katika sekondari ya kijijini kwao. Amepata diploma ya serikali, jamaa yote wameshangilia. Sasa anafika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wengi anaoketi nao walikuwa wa kwanza kwao vilevile. Katika mtihani wa kwanza anapata 9 juu ya 20. Je, akili yake imepotea njiani? Hapana. Kilichogeuka ni kipimo.

1. Chanzo cha jambo
Mwaka 1976 wataalamu Shavelson, Hubner na Stanton walieleza kwamba mawazo ya mtu juu ya nafsi yake yana sehemu nyingi. Mtu aweza kujiona hodari katika lugha na dhaifu katika hesabu. Mwaka 1984 Marsh na Parker walitoa mfano wa samaki mkubwa katika kidimbwi kidogo. Wanafunzi wawili wana uwezo sawa, lakini yule anayesoma kati ya hodari wengi hujiona mdogo kuliko mwenzake.

2. Matunda yake
Bidii ya masomo ina pande tatu: matendo, moyo na akili. Anayejihesabu kuwa si kitu huketi nyuma, haulizi swali, hukariri kurasa bila kuzielewa. Pointi zinashuka, naye anasema: “Nilijua tu.” Ni duara. Lakini duara hilo huzunguka pia kwa upande mwingine: anayefaulu jambo dogo hujiamini kidogo, na anayejiamini huongeza juhudi.

3. Tufanye nini?
Sifa za bure hazisaidii, mtihani utazifunua.
Wewe mwanafunzi, usiulize, “Mimi ni mjinga?” Uliza, “Ni sura gani sikuielewa?” Swali la kwanza linakuvunja, la pili linakupa kazi ya kufanya leo jioni. Jipime na jana yako.
Ninyi wazazi, msiseme, “Mtoto wa jirani amekupita.” Mwulizeni alichojifunza.
Ninyi wakubwa wa chuo, mwiteni aliye mpya, msome pamoja.

Maswali ya kujibu nyumbani
a) Ni neno gani tulilomwambia mtoto wetu aliposhindwa?
b) Je, lilimrudisha kwenye daftari, au lilimfukuza?

Aliyepata 9 alikosa pointi moja tu kufikia nusu. Asihesabiwe kuwa amekufa.