SOMO: DAWA YA MAJI NA MABOMBA YAPITISHAYO MAJI

Vyama vingi vyenye mradi wa maji hutia klorini katika tangi, kisha kamati hudhani kuwa kazi imekwisha. Sivyo. Kutoka tangini hadi bilula ya mwisho dawa hiyo hukutana na chuma, plastiki, shaba na mpira, na katika makutano hayo ama dawa hupungua, ama bomba hudhurika, ama yote mawili hutokea pamoja.

Chuma ndicho mlaji mkubwa wa klorini. Nguvu ile ile iuayo vijidudu hutumika bure juu ya kutu. Shirika la Afya Duniani hushauri ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita nusu saa baada ya dawa kutiwa, wala isipungue 0.2 mahali maji yanapotekwa. Katibu apimaye tangini tu huandika daftarini tarakimu ya kupendeza, hali wanachama wa mwisho wa mstari wanakunywa maji yasiyo na mlinzi. Kuzidisha dawa si tiba, kwani walio karibu na tangi watalalamikia harufu, na chuma kitazidi kulika. Heri mabomba yasafishwe, na vipande vibovu vibadilishwe.

Mipira myeusi ya maji haishiki kutu, lakini nayo huzeeka. Kiwandani huchanganywa na viungo vya kuilinda; klorini huvimaliza polepole, kisha ukuta wa ndani hukauka na kupata nyufa nyembamba ambazo msukumo wa maji huzipasua. Joto huharakisha jambo hilo, basi mpira ulioachwa juu ya ardhi juani (na ni mingi mno!) hudhurika mara mbili. Mabomba magumu ya PVC huistahimili klorini vizuri zaidi, ingawa nayo yapasa kufukiwa.

Hatari kubwa zaidi huja dawa inapobadilishwa. Mwaka 2000, mjini Washington, Marekani, kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, ilianza kutumika mahali pa klorini, kwa nia njema ya kupunguza kemikali mbaya zizaliwazo klorini ikutanapo na mabaki ya mimea majini. Lakini nyumba nyingi ziliungwa kwa mabomba ya risasi. Klorini ilikuwa imejenga ndani yake utando usioyeyuka kwa urahisi. Kloramini haikuweza kuutunza. Utando ukayeyuka, na risasi ikaingia katika maji ya watoto, ambao ubongo wao huumizwa nayo hata ikiwa kidogo. Mwaka 2004 ndipo fosfeti ilipoanza kutiwa ili kufunika upya kuta za mabomba. Kloramini hiyo hiyo hulainisha na kumomonyoa baadhi ya pete za mpira kwenye viungo.

Kwa hiyo muuzaji akileta dawa mpya yenye bei nafuu, kamati isiidhinishe kabla ya kusomewa orodha ya mabomba: ni ya aina gani, yalilazwa mwaka gani, viungo vyake vina pete za namna gani, na kama zipo bilula kuukuu za shaba ya njano, ambazo mara nyingi zina risasi ndani yake. Baada ya kubadilisha, maji yapimwe katika bilula ya mwisho.