Kahawa ya Usambara na Mikono Iitunzayo

Mti wa kahawa huitwa mbuni, na matunda yake huitwa buni. Asili yake ni Uhabeshi. Mti huu hupenda milima yenye baridi kiasi, mvua ya kutosha na kivuli. Kwa hiyo hupandwa katika milima ya Usambara. Lakini milima hiyo imekwisha kuwafunza watu kwamba mbuni haustawi penye udongo uliochoka.

Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walifika Usambara ya mashariki. Wakaona msitu wenye miti mirefu ajabu, wakadhani kuwa udongo wake hauna budi kuwa na rutuba nyingi. Wakakata miti, wakapanda mibuni kwa maelfu katika mashamba kama Derema. Hapo kwanza mibuni ilipendeza, kisha ikadhoofika. Sababu kubwa ni hii: rutuba ya msitu ilitoka katika majani yaangukayo na kuoza mwaka kwa mwaka. Miti ilipokatwa, majani yalikoma kuanguka, na mvua ikachukua rutuba iliyobaki. Wengi wakaiacha kahawa, wakageukia mazao mengine.

Mkulima wa kilimo hai hufuata desturi ya msitu. Hatumii mbolea wala dawa za viwandani. Hupanda mibuni kati ya migomba na miti ya kivuli, hutandaza majani makavu shinani, hutia samadi ya ng'ombe na mbuzi. Tena huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Huko Lushoto, tangu mpango wa kuhifadhi udongo uanze mwaka 1981, wakulima wengi walipanda mistari ya majani ya Guatemala kukingama mteremko. Kazi hii yataka saburi. Mbuni huzaa baada ya miaka 3 hivi; na shamba lililokuwa likitiwa dawa hukaa kama miaka 3 bila dawa, kabla ya kahawa yake kuuzwa kwa jina la kilimo hai.

Je, ni nani wafanyao kazi hii? Katika milima mingi ya Afrika ya Mashariki, sehemu kubwa ya kupalilia, kubeba samadi, kuchuma na kuanika hufanywa na wanawake. Buni huchumwa moja moja, zilizo nyekundu tu. Humenywa siku ile ile, huachwa zichachuke, huoshwa kwa maji safi, kisha huanikwa juu ya vichanja na kugeuzwageuzwa hata zikauke. Kilo 6 hivi za buni mbivu hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Hata hivyo, mara nyingi shamba ni kwa jina la mume, na siku ya mauzo fedha hutiwa mkononi mwake.

Jambo hili lilileta hasara hata katika milima ya Ruwenzori, nchi ya Uganda, ambako Wakonzo hulima kahawa. Mume na mke hawakuwa na shauri moja. Kila mmoja alichuma kwa haraka kabla ya mwenzake, hata buni mbichi, akazianika chini. Kahawa ikawa hafifu. Basi wanachama wa ushirika wa Bukonzo Joint, ambao walio wengi ni wanawake, wakajifunza kuchora picha ya mti. Katika mizizi walichora kazi ya mume na kazi ya mke. Katika matawi, faida aipatayo kila mmoja. Hata asiyejua kusoma aliona mara moja mti umeinama upande gani. Nyumba nyingi zikapatana kufanya kazi na kupanga fedha pamoja. Buni zikangojwa ziwe nyekundu, na kahawa ikawa njema.

Msitu wa Usambara na mti wa Ruwenzori hufundisha neno moja. Udongo utoao bila kurudishiwa huchoka. Na mkono utendao kazi bila kupata haki yake huchoka vile vile. Wahenga walisema, "Mchumia juani hulia kivulini." Basi yafaa kila achumaye juani awe na mahali pake kivulini.

Maswali

1. Kwa nini mibuni ya Derema ilidhoofika?
2. Taja mambo matatu afanyayo mkulima wa kilimo hai ili kulisha na kulinda udongo.
3. Eleza kazi zote tangu kuchuma buni hata kuzikausha.
4. Chora mti wa kazi na faida wa nyumba yenu. Je, umesimama sawasawa?