Kumlisha Mtoto Mchanga Kwenye Nyumba Yenye Washauri Wengi

Muulize mama yeyote aliyehudhuria kliniki Dar es Salaam: mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa muda gani? Atakujibu papo hapo: miezi 6. Elimu ipo. Shughuli huanza akirudi nyumbani, kwa mama mkwe, majirani na bosi anayehesabu siku za likizo.

1. Ziwa ndani ya saa moja. Yale maziwa ya mwanzo, mazito ya njano, yasikamuliwe na kumwagwa eti machafu. Ni machache lakini yanamtosha, na yamejaa kinga. Wala asilambishwe asali: aisubiri hadi atimize mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vyenye sumu inayolegeza misuli ya mtoto mchanga.

2. "Hayamtoshi huyo." Mtoto wa miezi 2 akilia usiku, bibi atalisema hilo kwa upendo kabisa, huku ameshabandika sufuria ya uji mwepesi. Usibishane naye, hesabu nepi. Zikilowa 6 au zaidi kwa siku, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito unapanda, anashiba. Watoto hulia pia kwa joto, kwa usingizi, au kwa kutaka kubebwa tu. Ubaya wa uji huo ni kwamba akishiba uji atanyonya kidogo, na asiponyonya maziwa hupungua kweli. Hapo bibi ataonekana alijua.

3. Maji? Hapana, hata kwa joto la Dar. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Dawa aliyoandikiwa na daktari ni jambo jingine.

4. Kubemenda, yaani imani kwamba mimba nyingine humdhoofisha mtoto anayenyonya. Mama akishika mimba nyingine, maziwa yake hayaharibiki. Kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha, huku akila vizuri na kufuatiliwa na kliniki. Mtoto anayedhoofika anahitaji kupimwa, siyo wazazi wake kusemwa uani.

5. Kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama wa Tanzania siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ni pungufu sana ya miezi 6, kwa hiyo kumbuka kifungu ambacho waajiri hawakitaji: mwajiri akuruhusu kunyonyesha saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Kama unakaa Mbagala na kazi iko Posta, kamua. Mikono safi, chombo cha mfuniko. Nje ya friji yasizidi saa nne, ndani ya friji siku 4. Dada wa kazi amnyweshe kwa kikombe kidogo, maana chupa ya chuchu ni ngumu kusafisha.

6. Uji wa lishe, jamani. Akitimiza miezi 6 anaanza kula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, na ndipo tunapokimbilia ule unga wa nafaka saba. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama: vyote ni wanga. Chukua nafaka moja au mbili, kisha lishe itoke kwenye yai, dagaa waliosagwa, maini, maharage, mchicha, parachichi. Soya isisagwe mbichi, inazuia mmeng'enyo. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, usioshe: sumukuvu haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Uji uwe mzito, ukae kijikoni. Ukizidi uzito, koroga kijiko cha unga wa kimea cha ulezi ukiwa bado wa moto; utalainika bila kuongeza maji. Aanze na milo 2 au 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 ifike 3 au 4.

7. Baba. Kununua maini na mayai ni nusu tu ya kazi yako. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe aondoe sufuria jikoni bila ugomvi. Wewe ni mwanawe: mwambie wewe, na kliniki ijayo nenda naye.