SOMO LA SOKO: Bei ya mtambo ni rahisi, je chujio lake?

Mfanyabiashara wa Kibimba, Ngara au Biharamulo anayetafuta greda, ekskaveta au trekta la kukodisha huangalia bei, saa za injini na matairi. Liko jambo la nne linaloweza kumeza faida yote: chujio la masizi kwenye ekzosi.

Mitambo mingi iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya na Marekani tangu mwaka 2011, na hasa ile ya Ulaya tangu 2019, ina chujio hilo. Linapokaribia kujaa, kompyuta ya injini hupandisha joto la moshi hadi karibu nyuzi 600 za Sentigredi ili masizi yaungue. Dereva akizima injini katikati ya kazi hiyo kila mara, au akiiacha ingurume saa nyingi bila mzigo, masizi hayaungui. Chujio huziba, taa huwaka, nguvu hupungua, na mwisho mtambo husimama.

Tatizo jingine ni mafuta. Watengenezaji wengi hutaka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 katika milioni. Kiwango cha Ulaya ni 10. Kiwango kilichokubaliwa Afrika Mashariki kuanzia Januari 2015 ni 50. Salfa hudhoofisha kichocheo kinachosaidia kuunguza masizi. Dizeli ya madumu, isiyojulikana ilikotoka, huongeza hatari. Oili isiyo ya aina iliyoagizwa nayo huacha majivu, na majivu hayaungui kamwe. Lazima chujio lifunguliwe na kusafishwa.

Tupige hesabu ya mfano. Mtambo unakodishwa Sh. 700,000 kwa siku, kwa siku 24 za mwezi: mapato ni Sh. 16,800,000. Ukilala siku nne ukimsubiri fundi mwenye kompyuta ya kupimia kutoka Mwanza, umepoteza Sh. 2,800,000, yaani sehemu moja ya sita, kabla ya kumlipa fundi huyo. Rejesho la benki halisubiri.

Wapo wanaoshauri chujio ling'olewe. Mnunuzi ajue kwamba programu ya injini nayo itabidi ichezewe, dhamana hupotea, na moshi huwarudia wafanyakazi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilithibitisha kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani.

Mkataba wa nikeli ya Kabanga, uliosainiwa Januari 2021, umewapa wengi wilayani Ngara hamu ya kumiliki mitambo. Kabla ya kulipa, soma kibati cha injini ujue daraja lake la moshi. Uliza kumbukumbu za usafishaji wa chujio. Kama huna uhakika wa dizeli safi na fundi wa karibu, mtambo wa injini ya zamani isiyo na chujio, uliotunzwa vizuri, unaweza kukulipa zaidi kuliko mpya unaong'aa lakini umelala.