Orodha ya Bwana Munro

Kaskazini ya Uingereza iko nchi iitwayo Uskoti, nchi ya milima, maziwa na mvua nyingi. Milima yake si mirefu kama yetu. Ule uipitao yote kwa urefu, Ben Nevis, una mita 1,345 tu, wala haufiki robo ya Kilimanjaro. Lakini usiidharau. Upepo wake ni mkali, ukungu hushuka ghafula hata mtu asiione njia, na wakati wa baridi theluji hufunika kila kitu. Wengi wamekufa huko.

Zamani watu wa Uskoti wenyewe hawakujua hesabu ya milima yao. Wengi walidhani ya kwamba ile ipitayo futi 3,000, yaani mita 914 na kidogo, yapata thelathini tu. Mwaka 1889 wapanda milima waliunda chama chao, na mmoja wao alikuwa Bwana Hugh Munro. Yeye akaishika kazi ya kuihesabu. Akatwaa ramani akazichungua moja moja, akaenda na milimani kwa miguu, akichukua chombo cha kupimia urefu. Mwaka 1891 orodha yake ikapigwa chapa. Watu wakastaajabu, maana milima ilikuwa 283! Na vilele vidogo vilivyo mabegani mwa milima hiyo vilipohesabiwa pia, jumla ikawa 538. Tangu hapo kila mlima wa namna hiyo huitwa kwa jina lake, Munro.

Basi watu wakaanza kuulizana, “Je, yuko awezaye kuipanda yote?”

Wapandao hufanya hivi. Kila mmoja huwa na nakala yake ya orodha. Akifika kileleni na kushuka salama, hutia alama kando ya jina la mlima ule, akaandika na tarehe. Wengine huandika pia hali ya hewa na majina ya wenzao. Kwa alama hizo mtu hujua alipofika na kazi iliyosalia. Leo orodha ina milima 282. Kwa hiyo mwenye alama 40 hujua kwamba imesalia 242. Wako wamalizao upesi, na wako wachukuao miaka ishirini au zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtu wa kwanza kuhesabiwa kwamba amemaliza alikuwa Mchungaji A. E. Robertson, mwaka 1901. Mlima wake wa mwisho uliitwa Meall Dearg. Husimuliwa kwamba alipofika juu alilibusu lundo la mawe lililo kileleni, kisha akambusu mkewe aliyekuwa pamoja naye.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeitilia shaka sifa hiyo. Lakini Mchungaji alipokwisha kufa, watu waliyachunguza maandiko yake, wakakuta habari ya mlima uitwao Ben Wyvis. Siku ile alipoupanda mvua ilinyesha, naye akageuka akarudi kabla ya kufika juu. Wakatafuta mahali alipoandika kwamba alikwenda tena akafika kileleni, wasipaone. Labda alikwenda asiandike. Labda alisahau. Hata leo watu wanabishana. Kumbe alama moja yaweza kuitia shaka kazi ya miaka mingi! Lakini tazama jambo hili pia: aliyeandika habari za mvua ile ni yeye mwenyewe. Daftari lake halikuficha kwamba alirudi.

Na Bwana Munro je? Alikufa mwaka 1919 bila kuimaliza orodha aliyoitunga. Vilikuwa vimesalia vilele vichache tu. Angalisema kwamba amevipanda, nani angalimbishia? Lakini hakusema, na jina lake halikupungua heshima. Milima hiyo yaitwa Munro hata leo.

Orodha yenyewe nayo hurekebishwa. Mlima uitwao Beinn a’ Chlaidheimh ulikuwa katika orodha. Ukapimwa upya kwa vyombo vya siku hizi, ukaonekana umepungukiwa na futi 3,000 kwa kiasi kisichofika nusu mita. Mwaka 2012 ukaondolewa, hata hesabu ikawa 282. Waliokuwa wameupanda hawakupoteza kitu, maana jasho lao lilikuwa la kweli. Ila orodha haikuweza kusema uongo, hata kwa nusu mita.

Amalizaye milima yote humwandikia katibu wa chama kile cha wapanda milima, naye humtia katika kitabu na kumpa namba yake. Watu zaidi ya 6,000 wamekwisha kuandikwa. Katibu hadai shahidi wala hamtumi mtu kwenda kupeleleza. Huamini neno la aliyeandika. Mlimani, ndani ya ukungu, mtu akigeuka hatua mia chini ya kilele, nani amwonaye? Hakuna ila yeye mwenyewe. Akirudi nyumbani, kalamu imo mkononi mwake.

Kwa hiyo mwenye busara huacha nafasi tupu kando ya jina la mlima uliomshinda. Nafasi tupu si aibu. Yamwambia aende tena siku nyingine. Lakini alama ya uongo humfungia njia, maana mlima uliotiwa alama hana sababu tena ya kuupanda.

Maswali

1. Mlima wapaswa kuwa na urefu gani ili uitwe Munro?
2. Mtu amepanda milima 117. Imesalia mingapi?
3. Kwa nini watu wanabishana juu ya Mchungaji Robertson?
4. Kwa nini mwandishi asema kwamba nafasi tupu si aibu?